Gede: mji wa mizimu, au mji wetu tuliousahau wenyewe?

Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, niwaletee kitu cha tofauti. Ni kirefu, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu, bora uongeze kabisa.

Chanzo cha yote haya ni gemu. Juzi nilikuwa kafe hapa Misigiri, jirani na pale malori yanapopumzika kabla ya kuteremka mlima Sekenke, nangoja kompyuta. Mbele yangu kulikuwa na madogo wawili wanacheza gemu moja ya mapanga na uchawi. Walikuwa wameingia kwenye magofu ya mji katikati ya msitu. Kuta zimemeguka, miti imeota ndani ya nyumba, ukungu kila mahali, na kila ukigeuka kuna kivuli kinapita. Kwa mujibu wa hiyo gemu, mji ule ulijengwa na watu fulani warefu, weupe, wenye masikio yaliyochongoka, wana maarifa kuliko binadamu wa kawaida. Halafu siku moja wakatoweka. Imebaki mizimu yao.

Dogo mmoja akasema: "Wenzetu wana vitu bwana. Huku kwetu gofu ni nyumba ya mtu aliyeishiwa hela ya bati."

Kafe nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, nisiwadanganye.

Lakini nilipofika nyumbani lile neno likanikaa kooni. Kwa sababu mimi magofu kama yale nimeyaona kwa macho yangu mawili. Msitu upo, kuta zipo, miti imeota sebuleni, na mizimu (wenyeji wanavyosema) ipo tele. Tena haya yana kaburi lenye tarehe! Yako hapo Kenya tu, na waliojenga hawakuwa na masikio ya kuchongoka. Panaitwa GEDE.

NILIFIKAJE HUKO

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yalikuja... tuyaache. Nikakaa mtaani kama mwaka hivi. Mjomba wangu anafanya biashara ya vitunguu, akaniambia badala ya kukaa kijiweni nikasimamie mzigo wake kwenye lori. Kwa asiyejua, vitunguu vya Singida vinakwenda mpaka Kenya. Basi tukaondoka: Singida, Babati, Arusha, Moshi, tukavuka mpaka Holili, tukaingia Taveta, Voi, hadi Mombasa. Mzigo ukashuka soko la Kongowea. Dereva akasema anatafuta mzigo wa kurudi nao, nipumzike siku mbili.

Sasa mtu wa Singida umefika Mombasa, ukalale tu kwenye lori? Nilikuwa nimewahi kusoma mstari mmoja kuhusu Gede kwenye kitabu cha historia shuleni. Mstari mmoja tu! Nikapanda matatu ya kwenda Malindi. Gede unashuka kama kilomita 15 kabla ya Malindi, kwenye njia panda ya kwenda Watamu. Nilipomwambia kondakta nashuka Gede kwenye magofu, akanitazama: "Wewe Tanzania, wakwenda kwa mashetani peke yako?" Abiria wakacheka. Mimi sikucheka sana.

Getini nikalipa kiingilio, nikapewa mzee mmoja Mgiriama anitembeze.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Watoka wapi?"

"Singida, Tanzania. Katikati kabisa, kwenye alizeti."

"Haa! Mbali. Haya, karibu kwa wenyewe."

Nikaangalia huku na huku, sikuona mtu. Nikadhani wenyewe ni wafanyakazi wa pale. Kumbe sio. Hilo neno lishike, tutalirudia.

PAKOJE?

Jambo la kwanza ni ukimya. Umetoka barabara ya lami yenye makelele ya matatu na bodaboda, unapita kwenye miti, ghafla hewa inakuwa baridi na mwanga unapungua. Kuna mibuyu mikubwa, mikwaju, na mitini iliyokumbatia kuta kwa mizizi kama vidole. Halafu kuta zinaanza kutokea moja moja. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Unatembea njia nyembamba kati ya nyumba na nyumba, unajikuta unaongea kwa kunong'ona bila kuambiwa.

Tuliposimama karibu na msikiti mkuu nikasikia kitu kinakimbia kwenye majani makavu. Chrrr! Kinasimama. Chrrr! Tena nyuma yetu. Nywele zikasimama. Mzee akacheka mpaka akashika ukuta: "Ni sange huyo." Sange ni mnyama mdogo, umbo kama panya, pua ndefu inayochezacheza kama kimkonga, na huyu wa Gede ana makalio ya rangi ya dhahabu. Anapatikana kwenye misitu michache sana ya pwani ya Kenya, hasa Arabuko-Sokoke ambao uko hapo jirani, halafu basi, dunia nzima huwezi kumkuta kwingine porini. Juu ya miti nako kuna kima, wanatikisa matawi na kutupa matunda. Kwa hiyo usiku ukiwa pale peke yako, sauti za kukutoa mbio hazikosekani.

Lakini nisiwe mjuaji. Sange hawezi kueleza kila kitu.

HABARI ZA MIZIMU

Wagiriama ni mojawapo ya makabila tisa ya Wamijikenda. Wao wana heshima kubwa kwa roho za wazee waliotangulia, wanaziita koma. Wana misitu yao mitakatifu inayoitwa kaya, ambayo tangu mwaka 2008 baadhi yake imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kwenye kaya hukati mti ovyo, hupigi kelele, huchukui kitu. Magofu ya Gede nayo wenyeji wakayapa heshima ya aina hiyo. Wanasimulia kwamba wazee wa zamani wa mji, waliokuwa viongozi wa dini, bado wanautazama. Ukienda kuiba au kuchimba, litakukuta jambo. Hao ndio mzee wangu aliwaita "wenyewe".

Sasa usidhani ni wenyeji peke yao. Mtaalamu wa kwanza kuchimba Gede kwa utaratibu alikuwa Mwingereza James Kirkman, alianza mwaka 1948 akaendelea miaka ya 1950. Huyu ni msomi, ana vipimo vyake na madaftari yake. Lakini aliandika mwenyewe kwamba mwanzoni alipokuwa anafanya kazi pale alikuwa akihisi kuna mtu au kitu kinamchungulia kutoka nyuma ya kuta. Hakikuwa na chuki wala urafiki, kinangoja tu, kama kinajua kitakachotokea. Msomi wa Kizungu huyo jamani!

Nikamuuliza mzee kama yeye ameshawahi kuwaona. Akajibu: "Kijana, miaka yote natembea humu sijawahi kuona kitu. Lakini sijawahi pia kuingia bila kubisha hodi."

SASA TWENDE KWENYE HISTORIA

Gede ulianza kati ya karne ya 10 na ya 12, inategemea unamuuliza mtaalamu gani. Ukakua, ukanawiri hasa karne ya 15. Ulikuwa na kuta mbili. Ukuta wa nje unazunguka eneo la ekari kama 45, piga hesabu ya viwanja zaidi ya ishirini vya mpira. Wanaokadiria wanasema watu walifika 2,500 au zaidi. Sehemu kubwa ya watu hao waliishi nyumba za udongo na makuti, ambazo zimeoza zote. Tunayoyaona leo ni ya mawe, yaani msikiti mkuu, misikiti midogo, jumba la mtawala, makaburi, na nyumba za matajiri.

Na hizo nyumba, wadau, ndipo utamu ulipo. Kirkman na watu wake walikuwa wakichimba nyumba wanaipa jina la kitu walichokikuta ndani. Kwa hiyo kuna Nyumba ya Mkasi. Kuna Nyumba ya Taa ya Chuma. Kuna Nyumba ya Pesa za Kichina, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Hebu fikiria. Mtu alikuwa na mkasi wake, siku moja akautafuta akaukosa, akagombana labda na mkewe au na mtoto aliyeuchezea. Miaka mamia imepita, jina la mtu huyo hakuna anayelijua, lakini nyumba yake inaitwa kwa jina la mkasi ule ule uliopotea.

Vyombo vya udongo mng'aro vilitoka China, shanga zilitoka Italia, vitu vingine India na Uajemi. Kwa upande wao watu wa pwani walipeleka pembe za ndovu, dhahabu na bidhaa nyingine za bara. Ila usisahau hili: vipande vingi kabisa vya vyungu vilivyochimbwa pale ni vya kienyeji, vilivyofinyangwa na mikono ya hapa hapa. Bakuli la China lilikuwa la kuonyesha wageni. Ugali ulikuwa kwenye chungu.

Kitu kingine kilichoniacha hoi ni vyoo. Nyumba za mawe za Gede zilikuwa na vyoo vya ndani, na mahali pa kujisafishia kwa maji, na mifereji. Miaka 600 iliyopita! Nilifikiria vyoo vya shule niliyosoma, nikanyamaza.

Halafu kuna lile kaburi. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399 wa kalenda yetu ya kawaida. Watafiti wakalitumia kama rula, wakapimia umri wa vitu vilivyofukiwa karibu yake. Karibu na hapo kuna kaburi jingine lenye nguzo ndefu iliyochongwa mifereji. Makaburi ya nguzo ni mtindo wa pwani yetu hii, unaukuta kutoka Somalia mpaka Tanzania, pale Kaole karibu na Bagamoyo yapo pia. Uarabuni huyakuti.

KIMYA CHA WARENO

Hapa ndipo fumbo linapoanza. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, akapokewa vizuri. Wareno wakawa na makazi Malindi karibu miaka mia moja. Gede ulikuwa mwendo wa asubuhi moja tu kwa miguu, na ulikuwa umejaa watu. Lakini kwenye maandishi ya Wareno mji huu unaoitwa Gede hautajwi!

Kimya hicho ndicho kilichowapa watu nafasi ya kusema mji wa majini, unaonekana kwa wengine na kwa wengine hauonekani. Lakini maelezo ya kawaida yapo. Kwanza, Gede hauko ufukweni, uko ndani kidogo, hapakuwa na meli ya Mreno kutia nanga mlangoni. Pili, jina. Gede ni jina la baadaye, inasemekana lina asili ya Kioromo, maana yake kitu cha thamani. Jina la zamani inaaminika lilikuwa Kilimani. Kilimani! Ni Kiswahili kabisa, kila mkoa kuna mtaa wa Kilimani. Ukitafuta Gede kwenye karatasi za miaka ya 1500 ni sawa na kumtafuta mtu kwa jina ambalo hajapewa bado.

NANI ALIUUA MJI?

Karne ya 17 Gede ukabaki mtupu. Kwa nini? Gemu ingekwambia laana. Watafiti wanataja watuhumiwa wanne, na mimi nitawapanga kama polisi.

Mtuhumiwa wa kwanza ni Wazimba. Hawa walikuwa wapiganaji waliopanda na pwani kutoka kusini. Mwaka 1587 waliiangamiza Kilwa, mwaka 1589 wakaingia Mombasa, wakaendelea kwenda Malindi. Malindi wakapigwa, kwa msaada wa Wasegeju. Njia ya kutoka Mombasa kwenda Malindi inapita karibu na Gede, kwa hiyo lazima watajwe.

Mtuhumiwa wa pili ni Mreno mwenyewe. Mwaka 1593 alianza kujenga Fort Jesus Mombasa, na mtawala wa Malindi rafiki yake akahamia huko. Nguvu na biashara zikahama naye. Wewe wa Misigiri hili unalielewa bila kufundishwa, barabara ikihama na mama ntilie anahama.

Mtuhumiwa wa tatu ni maji. Kisima kilicho karibu na msikiti mkuu kinaonyesha kiliongezwa kina. Watu hawachimbi kisima chini zaidi kwa kupenda, ni maji yamekimbia. Mji wa watu elfu mbili na kitu bila maji, uliza wenzetu wanaopanga ndoo usiku kucha.

Mtuhumiwa wa nne ni Waoromo, ambao vitabu vya zamani vinawaita Wagalla. Walikuwa wakisogea kutoka kaskazini na mifugo yao, na katika miaka hiyo miji mingi ya nchi kavu kati ya mto Juba na Mombasa ikahamwa.

Ukiangalia ule ukuta wa ndani unaona mji ulivyokufa. Ulijengwa wakati wa mwisho mwisho, unazunguka sehemu ndogo tu ya mji wa zamani. Maana yake watu walishapungua, wakajikusanya katikati, wakajizungushia ukuta kama mtu aliyekonda anavyokaza mkanda. Wachimbaji hawakukuta dalili za mji kuteketezwa au watu kuchinjwa kwa wingi. Waliondoka. Mwaka huu familia tatu, mwaka kesho tano, wakaenda Malindi, Mombasa, Lamu, wengine bara. Wakaoa, wakazaa, wakazeeka. Wajukuu wao wako Pwani leo wanauza mbaazi na mahamri.

Kwa hiyo jibu langu kwenye kesi hii: watuhumiwa wote wanne wana hatia kidogo kidogo. Na marehemu hakufa, alihama!

HAPO SASA NDIPO MZIMU WA KWELI ULIPO

Mwaka 1884 John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alifika Gede akaona magofu. Baadaye Wazungu wengine wakaanza kuuliza ni nani alijenga. Angalia sasa jibu lililoenea kwa miaka mingi: Waarabu na Waajemi. Kwamba walikuja watu na merikebu, wakajenga, wakaondoka, na Waafrika walikuwa pembeni tu wanatazama. Kwenye ule mstari mmoja wa shuleni kwetu ndivyo ilivyokuwa, na mimi niliukariri hivyo hivyo kwa ajili ya mtihani.

Unaona ilivyo? Ni ile ile hadithi ya gemu! Watu weupe wenye maarifa kuliko wenyeji, wamejenga mji, wametoweka. Kilichokosekana ni masikio ya kuchongoka tu.

Ukweli umechukua muda kutoka. Miaka ya 1980 huko Shanga, kisiwa cha Pate karibu na Lamu, Mark Horton alichimba msikiti wa mawe, chini yake akakuta msikiti mwingine mdogo zaidi, na chini kabisa misikiti midogo ya miti, inarudi mpaka karne ya 8. Yaani watu walewale walianza na miti na udongo, wakapanda taratibu mpaka mawe. Hawakushushwa na meli wakiwa na ramani mkononi. Huku kwetu Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia miaka mingi kuonyesha kuwa mizizi ya watu wa pwani iko Afrika hii hii.

Halafu Machi 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba kwenye jarida la Nature. Walipima mabaki ya watu 80 wa zamani, kutoka sehemu kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Gede haukuwemo, lakini ni majirani na ndugu zake. Wakakuta kwamba kwa wengi wa watu wale wa mijini asili ya Kiafrika ilikuwa kubwa, mara nyingi zaidi ya nusu, na ilitoka zaidi kwa akina mama. Upande wa akina baba kulikuwa na asili ya Uajemi kwa sehemu kubwa, kidogo na ya India, mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000 hivi. Kwa hiyo tusidanganyane kwa upande wowote: wageni walikuja kweli, ila walikuja kama wakwe. Wakakuta kuna mji, kuna lugha, kuna mama mwenye nyumba. Watoto wakaongea lugha ya mama. Ndiyo hii ninayoandikia hapa.

Sasa rudi kwenye neno la yule mzee. "Karibu kwa wenyewe." Mimi shuleni niliambiwa wenyewe ni wageni waliotoweka. Mzee yule ambaye sijui kama ameshika kitabu cha historia maishani mwake alikuwa anajua kwamba wenyewe wapo, na kwamba ni wazee, unawabishia hodi.

JE, MIZIMU INA FAIDA?

Wengine mtasema ndiyo haya haya, ushirikina ndio unaturudisha nyuma. Nilikuwa na mawazo hayo. Lakini hebu sikiliza hili. Kuta za Gede zilikuwa zimepambwa kwa mabakuli ya China yaliyopachikwa kwenye chokaa. Waliokuja kuyabandua wakayauza walikuwa wezi wasioamini koma wala nini. Wizi huo ndio uliosababisha serikali ya kikoloni mwaka 1929 kuyawekea magofu ulinzi wa sheria, baada ya kuwa yameshatambuliwa kama mahali pa kihistoria mwaka 1927. Wenyeji walioogopa mizimu hawakubandua bakuli wala hawakukata mibuyu. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza wa Gede haukuwa askari wala sheria, ulikuwa heshima.

Baadaye mambo yakakaa vizuri. Mwaka 1969 Gede uliwekwa chini ya makumbusho ya taifa ya Kenya. Mwaka 1993 ukaanza pale mradi wa Kipepeo, wanavijiji wanaoishi kando ya msitu wanafuga vipepeo, wanauza pupa nje ya nchi, na kwa sababu vipepeo wanahitaji msitu, msitu unabaki. Na Julai 2024 UNESCO ikauingiza Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia, ukaungana na Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ambazo zimo tangu 1981.

Kwa hiyo mimi nimegawa mizimu mafungu mawili. Kuna mzimu wa heshima, huo unalinda. Na kuna mzimu wa kutojua, unaokaa pale ambapo jina la mwenye nyumba limefutwa. Huo wa pili ndio hatari, maana mtu akikwambia mji wako ulijengwa na wasiojulikana, kesho atakwambia na wewe hujulikani.

NA SISI HUKU MISIGIRI?

Mtasema pwani ni pwani, inatuhusu nini. Haya, teremka Sekenke. Wajerumani walianza kuchimba dhahabu pale mwaka 1909, na dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kutengenezea sarafu za rupia 15 kule Tabora, zile zenye picha ya tembo ambazo leo watu wanazitafuta kwa mamilioni. Baada ya Mjerumani akaja Mwingereza, naye akachimba.

Nilipokuwa mdogo bibi alikuwa akituambia tusikae karibu na mashimo ya zamani jioni, kuna Mjerumani anatembea na taa. Nililala na hofu ya huyo Mjerumani miaka mingi. Mpaka narudi kutoka Gede, nimekaa juu ya lori, ndipo nikajiuliza swali la kijinga ambalo sikuwahi kujiuliza: hivi Mjerumani ndiye aliyeshika sururu? Aliyeingia kwenye lile shimo ni nani? Mbona mzimu ni wa Mjerumani tu, hakuna mzimu wa Mnyiramba?

Basi wiki hii, baada ya lile neno la yule dogo wa kafe, nimekwenda kwa babu mmoja jirani yetu. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, nikamuuliza. Akakaa kimya muda mrefu. Akasema baba yake alifanya kazi Sekenke enzi za Mwingereza. Akanitajia jina lake, na majina ya wenzake wanne aliokuwa akiwataja nyumbani. Mmoja hakurudi kutoka chini. Akaniuliza, "Mbona leo ndiyo unauliza?" Sikuwa na jibu. Nimeyaandika yote matano kwenye daftari.

Dogo wa kafe, kama unasoma hii: magofu tunayo. Wenyewe pia tunao, tena wengine bado wanapumua, wamekaa nje ya nyumba zao wanaota jua. Kabla hawajawa mizimu, nenda kawapigie hodi.

Wadau, na kwenu kuna gofu gani, na wanasema lina nini? Mwageni hapo chini, nitasoma yote. Nawasilisha.